Hali ya hewa wiki hii: Dallas na Fort Worth, Texas, Marekani

Ndugu zangu, habari za jioni. Hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko inakutana na hewa kavu ya magharibi, kwa hiyo tutarajie radi kali, mvua ya mawe, pengine hata tornado (upepo wa kimbunga unaozunguka kwa kasi kama nguzo), hasa jioni. King'ora cha tahadhari kikilia, tafadhali msitoke kupiga video! Ingieni chumba cha ndani kisicho na dirisha, ghorofa ya chini, bafuni panafaa. Mnaoishi kwenye nyumba za trela, msingoje king'ora, hamieni mapema kwa jirani mwenye nyumba imara. Naomba sana wazee na familia zilizofika karibuni wapigiwe simu leo, waelezwe kwa Kiswahili, maana maonyo mengi huja kwa Kiingereza. Mkutano wa Jumamosi tumeuahirisha kwa wiki moja.