Anko, muachie kijana aje baleti Jumamosi

Anko wangu wa Khayega,

Habari za huko, natumai goti limepata nafuu na anti hajambo. Naandika hapa wazi kwa sababu yale maneno uliyasema wazi, pale matangani mbele ya watu wote, mimi nikanyamaza kwa heshima lakini kijana wako alikuwa amesimama kando ya tenti akisikia kila kitu. Ati mwanaume mzima na ndevu zake anavaa taiti anasimama na ncha za vidole kama msichana. Mimi hayo naweza kubeba, niko na miaka 40 na nashinda hadiwea hapa Kisumu nikipakia simiti. Yeye ana miaka 12. Tangu siku hiyo hajakanyaga darasa letu la baleti, ile densi ya jukwaani ya Wazungu.

Kwanza vile viatu vya kusimama na ncha ya vidole, vingi ni vya wanawake, sisi tunavaa viatu laini tu. Kazi yetu kubwa ni kuruka, kuzunguka hewani na kushuka bila kelele, halafu kuinua mwenzako. Unaanza na pliye, yaani unakunja magoti polepole miguu ikiwa imefunguka kutoka kwa nyonga, umeshika mbao ya ukutani, unarudia hadi mapaja yatetemeke, na kioo kiko mbele yako hakuna mahali pa kujificha. Sijui kama ulishawahi kujiangalia hivyo Anko, mwili wako mzima, bila kuwa unanyoa ndevu. Sisi wanaume wa kwetu hatujiangalii. Na siku nilifundishwa kuinua mtu mwalimu aliniambia mikono haitoshi, lazima nisikie pumzi ya yule ninayemuinua ndio nijue saa ya kuinua, nikichelewa anaumia. Mfuko wa simiti hauhitaji kukuamini. Huyu mama nilikuwa nacheza naye alihitaji, na nilipomshusha salama nilijisikia mwanaume kuliko siku yoyote nimewahi kupakia lori.

Hata hiyo kusema baleti ni mambo ya wasichana, zamani jukwaani ilikuwa ya wanaume. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alicheza mwenyewe mwaka 1653 akiwa na miaka 14, amevaa kama jua, na 1661 akaanzisha chuo cha kifalme cha densi. Kwa jukwaa la Opera ya Paris wanawake wa kulipwa waliingia 1681, kabla ya hapo hata sehemu za wanawake zilichezwa na wanaume. Na wewe mtu wa Manchester United, Rio Ferdinand yule beki wako wa zamani, akiwa na miaka 11 alipata nafasi ya kusomea baleti London na akasoma miaka minne. Hapa kwetu kuna Joel Kioko, kijana wa Kuwinda pale Nairobi, baleti ilimpeleka hadi English National Ballet School.

Lakini kile kinaniuma ni hiki. Siku hiyo hiyo ya matanga ulikuwa umebana isukuti, ngoma yetu ya Waluhya, kwapani, jasho linatiririka, magoti umekunja, mabega yanaongea, wazee na akina mama wakakufuata wakilia na kucheza na hakuna mtu aliuliza kama wewe ni mwanaume. Nilikuangalia nikaona ni pale ndio nilijifunzia kwamba mwili wa mwanaume unaweza kusema huzuni. UNESCO waliiweka isukuti yetu mwaka 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na kila krismasi wewe mwenyewe unalalamika vijana hawataki kujifunza, watakuja kukuzika na spika. Sasa umepata mmoja anapenda kucheza, mwili wake hautulii akisikia ngoma, na unamwambia kucheza kunapunguza uanaume. Akiliamini hilo ataacha baleti na isukuti pia hataigusa, kwa sababu mtoto hajui kutenganisha vile wewe unatenganisha.

Jumamosi nitakuwa stegi ya Khayega saa moja asubuhi nimchukue aende darasani. Nauli ni yangu, chakula ni changu, jioni atakuwa amerudi kunywesha ng'ombe. Na ile ngoma ndogo umfundishe, huwa anaipiga ukiwa umeenda soko, nimemuona na ana mkono mzuri. Kama bado unakataa nipigie wewe mwenyewe Anko, usimtume anti.