Bili ya mwisho melini ikaguliwe kabla ya kushuka

Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie jambo maajenti wa safari wa hapa Kisumu, hasa wale wanaotuuzia safari za meli za kitalii kana kwamba wanakata tikiti ya basi la Busia. Bei wanayotaja ni ya chumba na chakula. Habari ya bili ya mwisho hawaigusi, nami nimeijulia huko huko.

Mwaka jana binti yetu anayefanya kazi Texas alitulipia mimi na mke wangu safari ya siku 7 kutoka Miami kwenda visiwa vya Karibi. Melini hakuna kushika noti. Ukipanda unapewa kadi ya plastiki, ndiyo ufunguo wa chumba, ndiyo pochi. Soda, picha, intaneti, yote yanaandikwa kwenye akaunti yako, kisha mwishoni yanakatwa kwenye kadi ya benki uliyoandikisha. Sisi tuliozoea ujumbe wa M-Pesa hata tukinunua sukuma ya shilingi 20, hapo tunakuwa vipofu.

Usiku wa mwisho bili ilisukumwa chini ya mlango, kurasa 3. Mimi nilitaka kulala. Mke wangu, ambaye ameuza samaki Kibuye miaka mingi na hajawahi kupokea hesabu ya mtu bila kuirudia, aliwasha taa, akavaa miwani, akaanza kushuka mstari kwa mstari na kalamu. Kwenye ukurasa wa pili akacheka. Chupa ya mvinyo, dola 48, baa ya sitaha ya juu, usiku ule ambao sisi wawili tulikuwa tunagombania choo kwa kichefuchefu cha mawimbi. Mhariri, sisi ni Wasabato. Mvinyo hatuujui hata rangi.

Kulikuwa na bakshishi pia: dola 16 kwa kila mtu kila siku, jumla dola 224, karibu shilingi 29,000. Huo si wizi, umeandikwa kwenye masharti, na ukitaka ipunguzwe unaenda mapokezi kabla ya kushuka. Tuliiacha, maana vijana wanaotandika vile vitanda wanaitegemea. Kilichoniuma ni risiti za vinywaji. Asilimia 18 ya huduma ilikuwa imeshaongezwa, na chini yake wameacha nafasi tupu ya bakshishi nyingine. Mimi kwa ustaarabu wangu nilikuwa naijaza kila mara.

Halafu kuna Grand Cayman. Kisiwa hicho hakina gati la meli kubwa, abiria hushushwa kwa mashua. Upepo ukavuma, nahodha akapita. Hilo sina neno nalo, hata feri ya Mbita husubiri ziwa litulie. Ila matembezi ya kisiwani tulikuwa tumeyanunua kutoka kwa meli yenyewe, na ada ya bandari ilikuwa imelipwa. Kwenye bili pesa za matembezi zilikuwa zimerudi. Ada ya bandari haikuwa imerudi.

Saa kumi na mbili asubuhi foleni ya mapokezi ilikuwa imefika kwenye ngazi. Mvinyo ulifutwa walipoitoa risiti na kuona sahihi si yetu. Kuhusu ada, dada wa mapokezi alisema itarudi kwenye kadi. Hakusema kadi ya nani, nasi hatukuuliza. Nilipofika nyumbani nikaenda benki mara tatu kuulizia pesa ambazo wakati huo zilikuwa zimelala Texas, kwenye kadi ya binti yetu, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipia safari.

Huko benki ndiko nilikokuta shida nyingine. Tulipokuwa tukitumia melini, kampuni ilikuwa ikiiomba benki ishikilie pesa kwenye akaunti yangu. Bili kamili ilipokuja ikakatwa kando, na zile zilizoshikiliwa zikabaki zimefungwa siku 9. Mwenye kadi ya mkopo hasikii kitu. Yangu ilikuwa kadi ya akaunti ya kawaida, pesa zenyewe ni karo ya mjukuu, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. M-Pesa ikienda pabaya unatuma ule ujumbe kwa 456. Hapa unaambiwa usubiri.

Ninachoomba kwa maajenti ni karatasi moja tu pamoja na tikiti: bakshishi ni kiasi gani, bandari ikirukwa nini kinarejeshwa na kwa kadi ipi, na ni kadi gani ya benki isiyofaa kuandikishwa melini. Asiyejua aandike nini aje Kondele. Bili yetu ipo, mke wangu ameiweka kwenye bahasha moja na stakabadhi za soko, alama zake za kalamu bado ziko juu yake.

Msomaji wako,
Kondele, Kisumu