Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Julai 2024 hadi Juni 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana, hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua: usafi wa soko, mabaraza ya chifu, kukagua orodha ya basari za wadi yetu, na mafunzo ya bajeti ya Oktoba. Katibu anayo daftari, sitayarudia.

Nataka kusema juu ya uamuzi wa Agosti, maana maneno yamekuwa mengi na mengine yamenifuata nyumbani. Imesemwa kwamba mwenyekiti aliinyima wadi barabara, kisha akakataa kukodi basi la kwenda kwenye kikao cha bajeti cha Mei. Yote mawili niliyafanya na ninayasimamia.

Kikao cha Mei kina hema na nauli, ndiyo maana watu hujaa. Lakini kufikia Mei hesabu zimekwisha kufungwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita. Mwisho wa Februari huwasilishwa waraka wa mikakati ya fedha, na humo ndimo kila idara inamowekewa kikomo chake cha matumizi. Makadirio huja Aprili 30, yapitishwe kufikia Juni 30. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinawazuia wawakilishi wadi kuongeza au kupunguza fungu kwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo hicho. Basi anayesimama Mei kuomba mradi mpya anaandikwa kwenye kumbukumbu, na ombi linaishia hapo. Miaka mitatu tumefanya hivyo, tukatoka bure.

Kwa hiyo kamati, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikubali pendekezo langu la kupeleka ombi moja tu la maandishi mwezi wa Agosti: maji, umeme na vitanda vya wodi ya kujifungulia katika zahanati yetu. Jengo limepauliwa na kupakwa rangi, lakini mlango una kufuli na akina mama bado wanapandishwa bodaboda usiku. Barabara ya sokoni mliyoitaka iko chini ya serikali kuu. Kaunti haiwezi kuitengea pesa bila makubaliano na serikali kuu. Madarasa ya msingi vilevile: Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Zahanati ni ya kaunti bila ubishi.

Ombi la “tunataka maji” halina pa kuandikwa. Letu, nililoliandika mwenyewe, lilitaja jina la mradi kama lilivyochapishwa kwenye mpango wa miaka mitano wa 2023 hadi 2027, ukurasa wake, idara, kijiji, kinachokosekana na idadi yake, pamoja na sahihi 212. Nakala moja ilikwenda idara ya mipango, nyingine kwa karani wa bunge la kaunti, na yetu ikapigwa mihuri yote miwili. Barua isiyo na mhuri ikipotea huna cha kuonyesha.

Novemba tuliomba mkataba wa mkandarasi aliyejenga wodi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu kuomba kwa Kiswahili, inataka ujibiwe ndani ya siku 21, na gharama isizidi ile ya kutoa nakala. Siku zilipita kimya. Tukalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala (CAJ), inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, karatasi zikatoka. Hapo ndipo tulipoona kwamba tangi na nyaya hazikuwamo kwenye mkataba tangu mwanzo. Mkandarasi tuliyemlaumu barazani alikuwa amemaliza kazi aliyopewa.

Mradi umo kwenye bajeti iliyopitishwa Juni, ingawa kwa nusu ya tulichoomba. Pesa ya kwenye kitabu si pesa ya benki: mgao ukichelewa kutoka Nairobi, madeni ya zamani hulipwa kwanza. Lazima tusome ripoti za Mdhibiti wa Bajeti kila robo mwaka.

Sasa ada. Tuko wanachama 84, kila mmoja Sh600 kwa mwaka, jumla Sh50,400. Waliomaliza ni 31, Sh18,600. Waliolipa kidogo kidogo ni 22, Sh5,350. Waliobaki 31 hawakutoa hata shilingi, na baadhi yao ndio waliodai basi. Tulitumia Sh9,400 kwa nakala, Sh6,800 kwa nauli za kwenda makao makuu ya kaunti, Sh3,500 kwa ukumbi na viti. Zimebaki Sh4,250.

Mikutano minne ilipangwa, mitatu ikafanyika. Ule wa Februari, wa kujadili vikomo vya idara, ulivunjika: walikuja 17 na katiba yetu inataka 28. Inauma, kwa sababu pengine nusu nyingine ya pesa za wodi ilipotea wiki hiyo.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kupata ofisi, kuwahusisha vijana zaidi na kutafuta wafadhili. Ombi la mwaka ujao litaandikwa wiki ya kwanza ya Agosti. Mwenye pendekezo amletee katibu kwa maandishi, akitaja mahali na idara.

Mwenyekiti