Malalamiko: fremu ya trela yenu imepasuka na stika ya uzito inadanganya

Kwa watu wa waranti,

Habari za kazi. Nimeshawaandikia mara tatu kwa Kiingereza mkanirudishia lile jibu lenu la kompyuta, leo naandika Kiswahili, huko Indiana kiwandani kwenu hamkosi Mkongo wa kuwasomea.

Hii toi hola yenu, yaani trela ya kulala na kubebea pikipiki, yenye gereji nyuma na chumba cha kulala kule juu shingoni, pale mbele inapoegemea pikapu, nilinunua mpya mwezi wa nne. Muuzaji alijipiga kifua kabisa, eti jaza maji, jaza mafuta, pakia pikipiki mbili za matairi manne, tembea. Stika ya njano mlangoni inasema mzigo usizidi pauni 2,900, na stika nyingine inasema trela na vyote vilivyomo isipite 16,000. Sasa mimi ni dereva wa lori, mzani ndo maisha yangu, nikaipeleka ikiwa tupu hata kijiko hamna kwenye mzani wa sheli ya malori, nikapima pikapu na trela, nikaiacha trela nikarudi na pikapu peke yake, nikatoa, ikaja 13,640. Kwa hiyo nafasi iliyobaki kufika 16,000 ni 2,360. Galoni 100 za maji ni pauni 830, galoni 30 za petroli kama 180, pikipiki zangu mbili 1,500. Jumlisheni wenyewe. Imeshazidi 150 na mke wangu hajaingiza hata sufuria!

Basi nikajibana. Kwenda Glamis, kule kwenye michanga ya California, nilibeba maji robo tenki, pikipiki moja akabeba shemeji, mzani ukasoma 15,380. Tunarudi mlango wa chumbani ukagoma kufunga, nikadhani bawaba. Nikaingia chini na tochi, pale fremu inapokunja kupanda shingoni weldi imeachia, ufa unameza sarafu ya senti 25, na kutu imeshaanza kuchirizika. Upande wa pili weldi imekaa juu juu kama uji uliogandia kwenye mwiko, chuma haijakishika kabisa.

Halafu mnaniambia nilizidisha mzigo. Nilizidisha wapi jamani? Ekseli zenu ni mbili za 7,000, yaani 14,000, hizo 2,000 zilizobaki mmeziegemeza kwenye pikapu yangu kupitia shingo, sawa, ndivyo trela za hivi zilivyo, lakini basi si hiyo shingo ndo mngeiwekea chuma cha maana?

Ninachotaka: fremu ikatwe na kuchomelewa upya na fundi mwenye cheti cha kuchomelea chuma, siyo yule kijana mliyemtuma aje abandike kibati apake rangi nyeusi, mimi nilimrudisha. Mkishindwa rudisheni hela yangu. Gharama ya trela kuvutwa kutoka Yuma, kule Arizona, pia ni yenu, risiti nimeambatanisha pamoja na karatasi zote za mzani na picha za ufa. Trela ipo uani juu ya magogo, mkija kupima njooni asubuhi, mchana nakuwa nimelala, naendesha usiku.

Mteja wenu