Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mitaala na Mitihani Kuhusu Ufundishaji wa Insha za Hoja

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia nikiwa mwalimu wa lugha ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni kusoma insha za wanafunzi, na nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawahusu pia wazazi, watahini na walimu wenzangu. Ombi langu ni moja. Mtaala na mwongozo wa kusahihisha vibadilishwe ili mwanafunzi anayeandika insha ya kushawishi au insha ya mjadala apimwe kwanza kabisa kwa namna anavyoikabili hoja yenye nguvu zaidi ya upande asiokubaliana nao.

Sote tunajua insha hizi zinavyofundishwa. Aya ya kwanza inaitaja mada, aya tatu zinazofuata zinaanza kwa "kwanza", "pili" na "tatu", na aya ya mwisho inarudia yaliyokwisha kusemwa. Kiunzi hicho kina faida kwa mtoto anayeanza kupanga mawazo yake kwenye karatasi, wala sitaki kifutwe. Tatizo ni kwamba mwanafunzi hukaa nacho hadi anapomaliza shule, na mtihani humpa alama nzuri kwa kukijaza, hata kama ndani yake hakuna dai lililotetewa. Nimesoma insha zisizo na kosa la tahajia hata moja, zilizopambwa kwa methali na tamathali, ambazo mtu asiyekubaliana na mwandishi angezisoma tangu mwanzo hadi mwisho bila kuona mahali ambapo shaka yake imejibiwa.

Nichukue swali la shule kuanza saa ngapi asubuhi, kwa kuwa ni swali ambalo kila mwanafunzi analo la kusema juu yake. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa utaratibu wa sasa ataandika hivi: "Ni dhahiri kwamba shule zinaanza mapema mno. Kila mtu anajua kuwa usingizi ni muhimu kwa afya. Kwa hiyo shule zichelewe kuanza." Sentensi hizo hazina kosa la sarufi, lakini msomaji hajapewa sababu ya kuamini lolote. Sasa tazama anavyoweza kuandika mwanafunzi wa umri uleule aliyefundishwa kujibu hoja: "Mwili wa kijana aliyebalehe huchelewa kuhisi usingizi usiku, kwa hiyo kumwambia alale mapema hakutoshi kumfidia anapoamshwa alfajiri. Wanaopinga kusogeza muda husema kwamba wazazi wengi huanza kazi mapema na hawatakuwa na mtu wa kuwapeleka watoto shuleni. Hoja hii ina uzito kwa watoto wadogo, lakini ni dhaifu kwa vijana wanaokwenda shuleni wenyewe. Kwa sababu hiyo napendekeza muda usogezwe kwa madarasa ya juu tu." Huyu wa pili amebadilisha pendekezo lake kwa sababu ya hoja ya mpinzani. Mabadiliko hayo ndiyo tunayopaswa kuyafundisha na kuyapa alama, na mwongozo wa sasa hauna mahali pa kuyaandikia hata alama moja.

Haya hayaji yenyewe kwa mwanafunzi kukaa shuleni miaka mingi. Mwaka 1985, David Perkins wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba miaka ya masomo huongeza kidogo tu uwezo wa watu wa kujenga hoja kuhusu masuala ya kawaida, na kwamba watu hutoa sababu nyingi za upande wao na chache mno za upande wa pili. Mwaka 2005, Michael Nussbaum na CarolAnne Kardash walichapisha utafiti ambao, kwa maoni yangu, kila mtunga maswali anapaswa kuufahamu. Wanafunzi wa chuo walioambiwa wamshawishi msomaji walitaja hoja pinzani chache zaidi kuliko wenzao, ilhali walioagizwa waziwazi kutaja hoja pinzani na kuzijibu walizitaja zaidi. Maana yake ni kwamba maneno ya swali huamua kile ambacho mwanafunzi atafikiri. Tukimwambia "mshawishi msomaji" bila kuongeza neno, tunamwelekeza, pasipo kukusudia, afumbie macho upande wa pili.

Kwa sababu hiyo naomba mtaala utenganishe wazi aina mbili za insha ambazo leo zinachanganywa chini ya jina moja. Insha ya kushawishi husimama upande mmoja na kumvuta msomaji aufuate. Insha ya mjadala huzipima pande mbili au zaidi kwa haki kabla ya kutoa uamuzi, na uamuzi huo unaweza kuwa wa masharti. Wataalamu wa lugha wa Sydney, wakiwemo J. R. Martin na Joan Rothery, walizitofautisha aina hizi tangu miaka ya 1980, kila moja na hatua zake, na wakapendekeza mwalimu aanze kwa kuchambua pamoja na darasa mfano mmoja wa maandishi, kisha darasa zima liandike insha moja kwa pamoja mwalimu akiwa ubaoni, ndipo mwanafunzi aandike peke yake. Hatua ya katikati, ya kuandika pamoja, ndiyo inayorukwa zaidi kwa kisingizio cha muda, nayo ndiyo pekee inayomwezesha mwanafunzi kumwona mtu mzima akisita, akifuta dai alilolitia chumvi, na kuweka "huenda" mahali alipokuwa ameandika "bila shaka".

Ningependa insha ya mjadala itangulie ile ya kushawishi, ingawa najua vitabu vingi vya kiada hufanya kinyume kwa kudhani kwamba upande mmoja ni rahisi kuliko pande mbili. Ni rahisi kuuandika, ndiyo, lakini mtoto aliyezoea kwa miaka kadhaa kutetea upande mmoja huuona upande wa pili kuwa adui wa kuangushwa kwa sentensi moja. Wazo langu si jipya. Aphthonius, mwalimu wa balagha (sanaa ya kusema na kuandika kwa kushawishi) wa karne ya 4, aliacha mfululizo wa mazoezi 14 ya uandishi, na ndani yake mwanafunzi alijifunza kukanusha simulizi katika zoezi la 5 na kuithibitisha katika zoezi la 6, muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kujadili swali la jumla katika zoezi la 13 na kutetea au kupinga sheria katika la 14. Kubeba pande mbili za jambo lilikuwa zoezi la mapema, nalo lilimwandaa mwanafunzi kwa mazoezi makubwa ya mwisho.

Kabla ya kuandika, wanafunzi wazungumze. Hapa naomba, Mheshimiwa, unisikilize kwa makini, kwa kuwa ndipo ratiba inapotubana zaidi. Deanna Kuhn na Amanda Crowell walifuatilia kwa miaka 3 wanafunzi wa madarasa ya 6 hadi 8 ambao, wawili wawili, walijadiliana kwa maandishi kupitia kompyuta na wenzao wa upande pinzani. Darasa la kulinganishia lilikuwa na majadiliano ya kawaida yanayoongozwa na mwalimu, na liliandika insha nyingi zaidi. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 yalionyesha kwamba waliojadiliana na wapinzani wao ndio waliokuja kuandika insha zenye kuzingatia pande zote mbili, ingawa wenzao ndio walioandika insha nyingi zaidi. Sababu yake naiona darasani kila muhula. Karatasi haimjibu mwandishi. Inakubali kila anachoandika. Mwenzake wa dawati la pili humkatiza na kumwuliza, "Unajuaje?" Mwanafunzi aliyeulizwa swali hilo mara nyingi huanza kujiuliza mwenyewe akiwa peke yake na kalamu. Mazungumzo haya hayahitaji kompyuta. Yanahitaji vipindi viwili vinavyofuatana, na ruhusa ya mwalimu kutovihesabu kuwa vipindi vilivyopotea.

Mdahalo wa jukwaani, wenye washindi na makofi, hautoshi kwa kazi hii. Naupenda, na huwajengea vijana ujasiri wa kusema, lakini anayeshinda mdahalo kwa kawaida hapati sababu ya kukiri kwamba mpinzani wake alisema kweli katika jambo moja.

Mwanafunzi afundishwe pia sehemu za hoja kwa majina yanayoeleweka. Mwanafalsafa Stephen Toulmin alieleza mwaka 1958 kwamba kati ya ushahidi na dai huwapo kanuni inayoviunganisha, na kwamba mara nyingi kanuni hiyo haitamkwi. Katika mfano wangu, ushahidi ni kwamba vijana huchelewa kuhisi usingizi, na dai ni kwamba shule zichelewe kuanza. Kanuni iliyofichika ni kwamba ratiba ya shule inapaswa kufuata mahitaji ya mwili wa mwanafunzi kuliko urahisi wa watu wazima. Watu wengi wanaobishana juu ya swali hili wanakubaliana kuhusu ushahidi na wanatofautiana kuhusu kanuni. Mwanafunzi anayeweza kuitamka kanuni hiyo anajua ugomvi ulipo, na hatapoteza aya tatu akithibitisha lile ambalo halipingwi na mtu.

Kuhusu maswali ya mtihani nitasema mambo mawili. La kwanza ni kwamba swali lisilo na mpinzani halipimi hoja. Kumtaka mwanafunzi athibitishe kwamba elimu ni muhimu au kwamba usafi ni jambo jema ni kumtaka aandike sifa, na hakuna awezaye kulaumiwa kwa kuandika sifa tupu pale alipoombwa sifa. La pili ni kwamba mwanafunzi hawezi kutoa ushahidi asionao. Anapoketi kwenye chumba cha mtihani bila kitabu wala jedwali, hulazimika kubuni takwimu, nasi tunampa alama kwa kubuni vizuri. Hilo, Mheshimiwa, ni somo baya tunalomfundisha kwa mkono wetu wenyewe. Swali liambatane na matini fupi mbili au tatu zinazopingana. Kwa swali la muda wa shule, mojawapo inaweza kueleza pendekezo la mwaka 2014 la American Academy of Pediatrics, shirika la madaktari wa watoto la Marekani, kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, na nyingine ikaeleza ugumu wa usafiri, wa michezo ya jioni na wa ratiba za wazazi. Hapo mwanafunzi atapimwa kwa jinsi anavyotumia vilivyo mbele yake, na yule aliyekulia mbali na maktaba hataadhibiwa kwa hilo.

Nimefika kwenye mwongozo wa kusahihisha, ambao ndio unaotawala kinachofundishwa kuliko mtaala wenyewe. Katika jaribio la taifa la Australia, ambalo lilianza kupima uandishi wa kushawishi mwaka 2011, mwongozo uligawa alama 48 katika vigezo 10. Tahajia ilipewa alama 6, mawazo alama 5, na mbinu za kushawishi alama 4. Jambo la kuiga pale ni uwazi: mwongozo ulitangazwa pamoja na insha za mfano na maelezo ya kila alama iliyotolewa, hata mzazi angeweza kusoma na kuelewa. Uzito wa vigezo nisingeuiga, kwa kuwa insha ya hoja ambayo tahajia yake ina thamani kuliko mawazo yake humfundisha mwanafunzi kuchagua neno salama badala ya wazo gumu. Naomba kwamba, kati ya kila alama 20 za insha ya hoja, angalau 8 zitolewe kwa uhusiano wa dai na ushahidi, kwa haki ambayo hoja pinzani imeelezwa kwayo, na kwa ubora wa jibu lililotolewa. Mwanafunzi anayekubali sehemu ya hoja ya mpinzani na kurekebisha msimamo wake asihesabiwe kuwa amejipinga. Anayebuni mpinzani dhaifu ili amwangushe asipate alama ya hoja pinzani hata kidogo.

Wapo walimu watakaosema kwamba kigezo kama hiki ni kigumu kusahihisha kwa usawa, na wana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa kosa la tahajia linaonwa na kila msahihishaji ilhali ubora wa jibu unahitaji uamuzi. Ugumu huo hupungua pale watahini wanaposoma pamoja insha zilezile za mfano, kila mmoja akatoa alama, kisha wakajadili walipotofautiana kabla ya kuanza kazi yenyewe. Kikao hicho ni gharama ya muda, nami naomba gharama hiyo ikubaliwe.

Naomba pia walimu wapewe nafasi katika mafunzo kazini ya kuandika insha hizi wao wenyewe, juu ya maswali ambayo wanatofautiana kwa dhati, na kuzisomeana. Mwongozo mpya, pamoja na insha za mfano za viwango vyote, utufikie shuleni mapema kabla ya mwaka wa masomo utakapoanza kutumika, na kwa mwaka huo wa kwanza swali la insha ya mjadala lenye matini zake liwekwe katika mitihani ya majaribio, ili kasoro zake zionekane na zirekebishwe kabla halijaamua matokeo ya mwanafunzi yeyote.

Wako katika kazi ya ualimu,

Mwalimu wa lugha, shule ya sekondari