Umbali wa Mwanza na Bukoba usipimwe kwa kilomita za barabara

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalowachanganya wasafiri wengi wa Kanda ya Ziwa, nalo ni umbali wa kutoka Kiwanja cha Ndege cha Mwanza hadi cha Bukoba, pamoja na muda wa safari hiyo. Mara nyingi humsikia mtu akichukua kilomita za barabara, ambazo kwa kupitia Geita na Biharamulo hufika kama 400, akazigawanya kwa mwendo wa ndege, kisha akashangaa kuona jibu lake halifanani na ratiba.

Barabara hulizunguka ziwa, lakini ndege hulikata. Mwanza iko takriban digrii 2.4 kusini mwa ikweta na Bukoba digrii 1.3, na kwa upande wa mashariki na magharibi viwanja hivyo hupishana tena kwa kama digrii 1.1. Kwa kuwa huku kwetu kila digrii ni karibu kilomita 111, aliyesoma kanuni ya pembetatu mraba shuleni atapata mstari wa takriban kilomita 175, yaani chini ya nusu ya barabara. Rubani akiulizwa atataja 94, naye atakuwa sahihi, kwa sababu anahesabu maili za baharini, ambazo kila moja ina mita 1,852.

Kosa la pili ni la muda. Ndege ya mapangaboi yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa ingemaliza kilomita hizo kwa dakika 21, lau ingeanza na kumaliza safari ikiwa tayari na mwendo huo. Haiwi hivyo. Inatambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inapaa, na kabla haijakaa sawasawa angani inaanza kushuka, huku mwendo ukipunguzwa kwa sababu njia ya Bukoba ni fupi, haifiki kilomita mbili. Ratiba huhesabu muda tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kabisa, ndiyo maana dakika zake huzidi sana hizo 21. Safari ikiwa fupi, sehemu kubwa ya muda humezwa na kupaa na kutua.

Kuna na hali ya hewa ya ziwani, ambayo asubuhi yaweza kumlazimu rubani kuzunguka akisubiri, au kurudi Mwanza. Sisi wa Bukoba, tulioshuhudia ajali ya Novemba 6, 2022 iliyoua watu 19 ndege ilipokuwa ikikaribia kutua, hatuna haki ya kumnung'unikia rubani anayeamua kungoja. (Anayeona dakika hizo ni nyingi na apande meli ya usiku.)

Ombi langu kwa wauza tiketi, na kwa gazeti lako linapoandika habari za usafiri, ni kutaja bayana kama kilomita zinazotolewa ni za barabara au za angani, na kama dakika ni za kuwa hewani au za safari nzima. Abiria anayeunganisha ndege ya Dar es Salaam pale Mwanza hupanga saa zake kwa kutegemea tarakimu hizo.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Bukoba