Kila tukifungwa, lazima apatikane msaliti

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie namna sisi mashabiki wa Simba na Yanga tunavyoyapokea matokeo ya timu zetu, hasa yanapokuwa mabaya. Naandika nikiwa mwanachama wa Simba na mkazi wa Dar es Salaam, na sitajifanya mwamuzi asiye na timu, kwa sababu katika jiji hili anayesema hana upande mara nyingi ana upande anaouficha.

Husemwa kwamba mashabiki wetu ni wa msimu, yaani timu ikishinda wanajaa na ikifungwa wanatoweka. Mimi sikubaliani na madai hayo, na ushahidi wangu wa kwanza nauchukua kwa watani wetu. Baada ya Yusuf Manji kujiuzulu uenyekiti wa Yanga mwaka 2017, klabu ile ilipita katika ukata ambao kila mtu Kariakoo aliujua, na kwa misimu minne, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, ubingwa wa ligi ulikaa Msimbazi, yaani kwetu Simba. Kocha wao wa wakati huo, Mwinyi Zahera kutoka Kongo, akawa mwenyewe anawahimiza mashabiki wachangie timu yao. Sisi tuliwacheka kwamba wanatembeza bakuli, na sitakanusha kwamba utani ule ulikuwa mtamu, lakini watu walichanga kweli, na msimu wa 2018/19 timu hiyo iliyokuwa ikisaidiwa na mifuko ya mashabiki ilimaliza ya pili nyuma yetu. Watu wa msimu hawachangii timu iliyoshindwa. Na kama ushindi peke yake ungetosha kuvuta umati, basi Azam FC, walioutwaa ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mchezo hata mmoja na wenye uwanja wao safi kule Chamazi, wangekuwa wamechukua nusu ya jiji. Hakuna aliyehama Jangwani kwa Yanga wala Msimbazi kuwafuata.

Kwa hiyo kasoro yetu haiko katika kuikimbia timu. Timu hatuikimbii, tunawageuka watu wake. Katika vijiwe vyetu, katika matawi yetu na katika vibanda umiza tunamotazamia mechi, timu haifungwi kwa kuzidiwa, bali huuzwa. Kipa ameuza, beki wa kati alipigiwa simu usiku, kiongozi fulani tangu zamani ana damu ya upande wa pili, kocha amepangiwa kikosi na watu wasiojulikana. Mpinzani, ambaye ndiye aliyekimbia dakika 90 na kufunga mabao, hatajwi kabisa, kana kwamba alikuja uwanjani kushuhudia tukijiuza wenyewe.

Nitoe mfano wa kwetu, maana ndio unaoniuma zaidi. Tarehe 24 Oktoba 2021 Simba ilirudiana na Jwaneng Galaxy ya Botswana katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, kuwania kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Tulikuwa tumeshinda 2-0 ugenini, na hadi mapumziko tulikuwa tunaongoza tena kwa bao moja. Kipindi cha pili wageni wakafunga mabao matatu, jumla ikawa 3-3, wakapita kwa faida ya mabao ya ugenini. Siku mbili baadaye klabu ikaachana na kocha Didier Gomes, na kwa wiki kadhaa mitaani hakukuwa na mjadala mwingine isipokuwa nani aliuza. Majina yalitajwa kwa uhakika wa ajabu na watu ambao hawakuwa na ushahidi wowote zaidi ya hasira yao.

Lakini sababu moja kubwa ilikuwa wazi tangu Agosti ya mwaka ule, na kila mwanachama aliiona kwa macho yake. Katika dirisha moja la usajili tuliwauza Clatous Chama kwenda RS Berkane ya Morocco na Luis Miquissone kwenda Al Ahly ya Misri, yaani tuliondoa watu wawili waliokuwa wakitengeneza sehemu kubwa ya hatari yetu mbele ya lango la mpinzani. Tulipoambiwa kwamba klabu imepata fedha nzuri, tulifurahi, na sikumbuki kama tawi langu lilikaa hata jioni moja kuuliza ni nani angebeba kazi ya watu wale wawili. Tulikuwa mabingwa mara nne mfululizo, na bingwa haulizwi maswali. Msimu ule Yanga wakauchukua ubingwa, na hawakuuachia kwa misimu minne, hadi 2024/25.

Nadhani hapa ndipo kushinda na kushindwa kunapokutana katika tabia yetu. Ushindi unatunyamazisha. Wakati mambo yanapokwenda vizuri hatutaki kusikia habari za umri wa kikosi, za mikataba inayoisha, wala za wachezaji wa akiba wasio na ubora. Siku tukifungwa, maswali yote ambayo hayakuulizwa yanarudi kwa pamoja, ila yanarudi yakiwa tuhuma.

Tuhuma hizo zina gharama. Mwaka 2023, tarehe 24 Oktoba, Simba ilitoka sare ya 1-1 na Al Ahly mjini Cairo, baada ya sare ya 2-2 hapa nyumbani katika mashindano ya African Football League, na jiji zima, hata baadhi ya watani, lilikiri kwamba kikosi cha Roberto Oliveira, tuliyemzoea kwa jina la Robertinho, kilikuwa kimejitahidi. Tarehe 5 Novemba tukafungwa 5-1 na Yanga. Tarehe 7 kocha hakuwepo tena. Sisemi kwamba kipigo cha namna ile kingepaswa kupita kimya, na siwezi kudai kwamba najua kila kilichozungumzwa ofisini. Ninachojiuliza ni kama uamuzi uliofanywa ndani ya saa 48, huku watu wakipiga kelele mitaani, unaweza kuitwa uamuzi wa ufundi. Kocha aliyetufaa Cairo alikuwa hafai tena wiki mbili baadaye.

Watani wasicheke sana, kwa maana kwao ni hivyohivyo. Miguel Gamondi aliwapa ubingwa wa 2023/24, akawafikisha hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1998, kisha robo fainali, ambako walitolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti. Novemba 2024 akapoteza michezo miwili ya ligi mfululizo, dhidi ya Azam na Tabora United, akaondoka mwezi huohuo. Kurudi nyuma zaidi, Mei 2012 tuliwafunga 5-0, na presha iliyofuata ndani ya Jangwani haikuishia kwa wachezaji. Mwenyekiti wao, Lloyd Nchunga, aliachia ngazi muda mfupi baadaye. Katika jiji hili bao la tano linaweza kuangusha uongozi.

Ningependa kuutenga utani na jambo hili, kwa kuwa naona wapo wanaotaka utani wenyewe ukomeshwe. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2023 kondakta wa daladala alinirudishia chenji huku akinionyesha vidole vitano, abiria wote wakacheka, nami nikacheka, maana ningefanya nini? Jeneza linalozungushwa mitaani likiwa limepakwa rangi za mpinzani, salamu za vidole, majina ya Makolo wanayotuita wao na Utopolo tunayowaita sisi: yote hayo ni njia ambayo jiji hili limejifunza kumeza kipigo bila kupigana, na mtani anayekucheka leo ndiye atakayekuja msibani kwako kesho. Madhara hayatoki kwa mtani. Yanatoka kwa mwenzako mliyevaa jezi moja, anayemwendea kijana wa miaka 22 na kumwambia mbele ya familia yake kwamba amekula fedha.

Na tunaweza kufungwa vizuri, tumewahi kuona. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakafungwa 2-1 na USM Alger hapa Dar es Salaam, kisha wakaenda Algiers wakashinda 1-0, wakalikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Waliporudi walipokelewa kwa shangwe, Rais Samia Suluhu Hassan akawaalika Ikulu, na mashabiki wao wakatembea vifua mbele kana kwamba wametwaa kombe. Nilijaribu wakati ule kutafuta tofauti kati ya fainali hiyo na ile yetu ya Kombe la CAF mwaka 1993, tulipotoka 0-0 na Stella kule Abidjan, kisha tukafungwa 2-0 nyumbani, ambayo hadi leo ukiitaja mbele ya wazee wa Msimbazi utasimuliwa habari za hujuma kuliko habari za mpira. Jibu nililopata ni kwamba Yanga walimalizia ugenini, tena kwa ushindi, kwa hiyo hapakuwa na dakika ya mwisho ya aibu mbele ya macho ya watu wao. Kipigo cha mbali tunakivumilia. Cha nyumbani lazima kiwe na mwizi.

Sehemu ya lawama iwaendee wanaotuahidi ushindi kabla haujapatikana. Sisi Simba tulikuwa na msemo wa kujivunia, kwamba kwa Mkapa hatoki mtu, na nakiri unapendeza ukiimbwa na watu 60,000. Lakini mtu akiambiwa wiki nzima na idara ya habari ya klabu yake kwamba mpinzani ameshakufa na kilichobaki ni kuzika, kisha mpinzani huyo akatoka na mabao matatu, atajiona ameibiwa kitu kilichokuwa chake tayari. Hamasa ni ya lazima ili tiketi ziuzike, hilo naelewa. Hata hivyo msemaji wa klabu anayejaza uwanja kwa kumdharau mpinzani anaandaa, bila kujua, hukumu ya mchezaji wake mwenyewe.

Siku hizi limeongezeka jambo la kamari. Zamani aliyefungwa alipoteza usingizi tu. Sasa anapoteza na fedha, na mkeka wake wa kubashiri ukichanika kwa bao la dakika za nyongeza hataki kuambiwa kwamba beki aliteleza. Upangaji wa matokeo upo duniani na haupaswi kupuuzwa hapa kwetu pia, lakini mwenye ushahidi ana Shirikisho la Mpira wa Miguu na ana Takukuru, na tuhuma zinazorushwa ovyo kwa kila kipa aliyefungwa zinamsaidia mpangaji wa kweli ajifiche katikati ya kelele.

Nanyi wenye magazeti, Mhariri, mna sehemu yenu. Asubuhi baada ya kipigo, kurasa za mbele zinajaa maneno kama siri nzito, mchongo wote, na wachezaji watatu wawekwa kitimoto, na ukifungua ndani unakuta aya nne zisizo na mtu aliyetajwa kuwa amesema lolote. Mbona hatusomi kwamba kiungo wetu wa kukaba aliachwa peke yake kila tulipopoteza mpira, au kwamba beki wetu wa pembeni alicheza mchezo wake wa tatu ndani ya wiki moja? Wasomaji wenu wanaujua mpira. Wasikilizeni wakibishana juu ya kikosi kabla ya mechi, mtaona wanachambua vizuri kuliko baadhi ya wanaolipwa kuchambua. Uchambuzi huo unakufa kipenga cha mwisho kikilia vibaya.

Katika mfumo wa mabadiliko ya umiliki wa klabu uliokubaliwa na Serikali, wanachama wanapaswa kubaki na asilimia 51 ya klabu na wawekezaji wasizidi 49. Hiyo ni haki kubwa, na mahali pa kuitumia ni mkutano mkuu, si getini mwa uwanja wa mazoezi wala kwenye simu ya mchezaji. Ningefurahi kama gazeti lako, kabla ya mkutano mkuu ujao wa kila klabu, lingechapisha maswali ya wanachama na baadaye majibu ya viongozi, hata kama timu itakuwa inaongoza ligi wakati huo. La kwangu ni hili: kila dirisha la usajili linapofungwa, nani anatuandikia sisi wanachama sababu za kila aliyeuzwa na kila aliyenunuliwa, na taarifa hiyo inawekwa wapi ili tuisome kabla hatujaanza kufungwa?

Mwanachama wa Simba,
Mbagala, Dar es Salaam